Shajara ya mradi: historia ya kampuni yetu, kalavati kwa kalavati

10 Februari 2025

Wakurugenzi wameridhia. Kuanzia leo nina kazi ya kukusanya historia ya kampuni yetu ya ukandarasi wa barabara tangu ilipoandikishwa hadi sasa, huku nikiendelea na kazi zangu za saiti kama kawaida. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya kiofisi: tunataka kuiomba Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, itupandishe daraja, na ombi la namna hiyo halisimami bila orodha ya kazi zilizofanyika, hati za kukamilika kwake, mitambo na wataalamu. Ya pili aliitoa kikaoni Mzee mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wetu: wale walioanza naye wanazidi kupungua, na kila anayeondoka anaondoka na barabara kadhaa kichwani.

Mimi naipa uzito zaidi hiyo ya pili. Hati ya kukamilika kazi inasema kalavati, yaani njia ya maji chini ya barabara, lipo na limelipiwa. Haisemi kwa nini liliwekwa pale na si mita arobaini mbele, na kwenye milima yetu hii ya Njombe hilo ndilo linaloamua kama barabara itapona msimu ujao.

Utaratibu: mafaili na wazee wetu wakati huu wa mvua, kisha barabara zenyewe mvua zikikatika. Huku mvua huanza Novemba na kuachia Aprili au Mei. Kwenda ndani ya Ludewa au Makete mwezi huu kutafuta kalavati lililofunikwa na majani ni kuchoma dizeli bure.

17 Februari

Chumba cha mafaili. Makabati ya chuma yote yamefunguliwa, maboksi ya stoo yameteremshwa. Sehemu kubwa ni zabuni, na za zamani zimejaza nafasi kuliko kazi zenyewe. Kabla ya mfumo wa zabuni za mtandaoni wa NeST kuanza mwaka 2023, na TANePS kabla yake, zabuni ilikuwa mzigo wa karatasi: nakala halisi na nakala za ziada, kila ukurasa una saini na mhuri, bahasha imefungwa kwa gundi, na lazima mtu asafiri nayo mpaka kwenye sanduku la zabuni kabla ya saa iliyotangazwa. Dereva wetu mkongwe anasimulia alivyokuwa akilala ndani ya gari Ludewa mjini ili mvua isije ikamfungia njia akakosa sanduku. Leo zabuni inapandishwa kutoka hapahapa ofisini. Kwa kampuni ya mkoani hiyo ni nafuu ya kweli, maana zamani tulishindana pia na umbali.

Hati za kukamilika kazi za miaka ya karibuni zipo karibu zote. Za mwanzo zina mapengo. Nitaomba nakala kwa wateja wenyewe, ingawa baadhi ya halmashauri zimegawanywa tangu wakati huo, na Njombe yenyewe ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa mpaka 2012. Faili la kazi iliyofanyika Makete zamani linaweza kuwa limebaki Iringa.

Hazina niliyoikuta ni madaftari ya saiti. Yapo mengi, mengine yameliwa pembe na mchwa, lakini mwandiko unasomeka. Nanukuu ukurasa mmoja kama ulivyo (ringi ni mapete ya zege ya kujengea kalavati, pegi ni kigingi cha kuonyesha mahali pa kujenga):

“Saruji mifuko 40 imepokelewa, 3 imeganda, imerudishwa. Ringi 6 zimemwagwa, magunia yamelowekwa. Mvua saa nane mchana, kazi imesimama. Mama wa nyumba ya juu anasema mwaka wa El Niño maji yalipita upande wa migomba, hapa hayakufika. Nimehamisha pegi.”

Sentensi ya mwisho ina maneno mawili tu. Nimeisoma mara nyingi leo. Nitatafuta kalavati hilo kiangazi kikifika.

26 Februari

Mazungumzo ya kwanza na Mzee, nyumbani kwake. “Shikamoo Mzee.” “Marahaba mwanangu, kaa, na hiyo simu yako irekodi vizuri, sitarudia.” Ameongea mchana kutwa.

Alikuwa fundi sanifu Wizara ya Ujenzi. Enzi hizo wizara ilifanya matengenezo yenyewe: ilikuwa na kambi barabarani, magreda yake, mafundi wake na karakana zake. Anazikumbuka kambi hizo kwa majina na kwa baridi yake. Kisha, miaka ya tisini, mambo mawili yalikuja kwa pamoja. Serikali ilipunguza watumishi, na sera ikageuka: matengenezo ya barabara yakaanza kutolewa kwa mikataba badala ya kufanywa na wizara yenyewe. Watu waliokuwa wakichonga barabara hizo kwa mshahara wakaambiwa waandikishe kampuni wakitaka kuendelea kuzichonga. Wengi walichukua kiinua mgongo wakafungua maduka. Mzee na wenzake wachache waliamua kubaki barabarani.

Mwaka 1997 zilipita sheria mbili zilizoweka mpaka mpya katika kazi hii: Sheria Na. 15 iliyounda Bodi ya Usajili wa Wahandisi na Sheria Na. 17 iliyounda CRB. Kabla ya hapo ilikuwapo tangu 1979 Baraza la Taifa la Ujenzi, lakini sasa kila mkandarasi alipaswa kupimwa, kuandikishwa na kupangwa kwenye daraja. Madaraja ya kazi za kihandisi ni saba. La kwanza halina ukomo wa thamani ya kazi. La saba ndilo la kuanzia. Sisi tulianzia la saba, na Mzee anatamka “la saba” kwa heshima, kama mtu anayetaja kijiji alikozaliwa.

Na mwaka huohuo wa 1997 mwishoni zikaja mvua za El Niño, zikaendelea mpaka 1998. Barabara za nchi nzima zilikatika. Kazi za kwanza kabisa za kampuni zilikuwa kurudisha pale maji yalipobeba: tuta limeondoka, kalavati limebaki linaning'inia, kijiji upande wa pili kimekaa bila chumvi na mafuta ya taa. Hawakuwa na greda. Walikuwa na sururu, machepe, matoroli, tipa moja la kukodi, na mafunzo waliyoyapata Mbeya kwenye chuo cha Wizara ya Ujenzi, ATTI, kinachofundisha ujenzi wa barabara kwa nguvukazi.

Nilimuuliza kwa nini wateja waliwarudia wakati kulikuwa na watu wenye mitambo. Akajibu: “Wenye greda walikuwa wakiipendezesha barabara. Sisi tulikuwa tunauliza maji yanatoka wapi.”

13 Machi

Leo Mama wa uhasibu. Ndiye aliyeshika vitabu tangu ofisi ilipokuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbao. Ana kumbukumbu ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwingine: anakumbuka mkataba kwa kiasi kilichozuiliwa.

Natumia nafasi hii kueleza jambo linaloamua uhai wa kampuni ndogo, maana vijana wanaoingia kazini wakitoka chuoni hawalijui. Mkandarasi hulipwa kwa kazi iliyokwisha kufanyika na kupimwa. Kwenye kila hati ya malipo mteja anazuia sehemu, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, na zuio hilo linarudi nusu kazi inapokamilika na nusu nyingine baada ya muda wa uangalizi wa kasoro, ambao mara nyingi ni mwaka mzima. Kabla ya hapo unatakiwa uweke dhamana ya zabuni, ukishinda uweke dhamana ya utekelezaji. Benki haitoi dhamana bila mali. Kwa hiyo kampuni ya daraja la saba inaanza kazi ikiwa imetoa pesa mara mbili kabla haijapokea hata shilingi, na vibarua wanataka posho Jumamosi.

Mwaka 2002 CRB ilianzisha Mfuko wa Kusaidia Makandarasi, unaowawekea wadogo dhamana pale benki inapowakatalia. Mama anasema kama si mfuko ule kampuni isingevuka daraja la sita. Ameniwekea kwenye faili barua ya kwanza ya dhamana waliyoipata humo. Naona inafaa kuingia kwenye rejista ya kazi zetu ninayoiandaa, pamoja na hati za kazi. Ni sehemu ya historia yetu kama daraja lolote tulilojenga.

Ameniambia pia kanuni aliyojiwekea na kuisimamia hata mbele ya wakurugenzi: posho ya kibarua haikai ofisini kupita siku ya malipo, hata kama gari la mkurugenzi litalala bila mafuta. Masta roli, yaani orodha za malipo ya vibarua, za miaka ile zinamshuhudia. Saini na alama za dole gumba zipo kila Jumamosi.

2 Aprili

Nimepanga kazi zote zilizopo kwenye mafaili kwa aina. Tunavyosema sisi kwenye mikataba: matengenezo ya kawaida, matengenezo ya muda maalumu, sehemu korofi, makalavati na madaraja, na ujenzi mpya. Nilitarajia kuona kampuni ikianza na matengenezo kisha ikihamia ujenzi mpya kadiri inavyopanda daraja. Mafaili yanaonyesha vingine. Kila tulipopanda tulipandia kwenye matengenezo. Ujenzi mpya upo, lakini ni wa kuhesabika, na mwaka wetu mbaya kuliko yote umetoka huko. Nitauandikia sehemu yake.

Kwa nini matengenezo yalitosha kulisha kampuni? Barabara ya changarawe inaliwa. Magurudumu, upepo wa kiangazi na mvua huondoa tabaka la sentimita 2 hadi 3 kwa mwaka, zaidi kwenye miteremko na pale malori ya mbao na viazi yanapopita yamejaa kupita kiasi. Ukimwaga changarawe ya sentimita 15 na usirudi, baada ya miaka michache magari yanatembea juu ya udongo mwekundu, na mvua ya kwanza inaligeuza eneo hilo kuwa utelezi wa kukwamisha hata trekta. Kazi hiyo haiishi, na haipaswi kuisha.

Kilichobadilika ni nani anailipia. Mfuko wa Barabara uliwekwa kisheria 1998, tozo ya mafuta ikawa na mahali pake maalumu. TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, ikaanza 2000 ikachukua barabara kuu na za mkoa. Barabara za wilaya zikabaki mikononi mwa halmashauri, kila moja na mhandisi wake, taratibu zake na foleni yake ya malipo, mpaka TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilipoanzishwa 2017. Mtandao wa TARURA ni zaidi ya kilomita 144,000, sehemu kubwa ya udongo na changarawe. Mwaka 2021 ikaongezwa tozo ya shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo za vijijini na mijini, na kwenye mafaili yetu unaliona hilo waziwazi: mikataba mingi zaidi, mirefu zaidi, na kwa mara ya kwanza tunaambiwa tutandike lami nyepesi kwenye miji midogo.

Nasema hivi nikijua wapo watakaonipinga ofisini: kampuni hii imejengwa na tozo ya mafuta, yaani na kila aliyepanda basi kutoka Makambako kwenda Songea. Tunawiwa barabara nzuri.

22 Aprili

Mvua kubwa Makete. Tumeitwa dharura, kalavati limeziba na tuta linaliwa. Mradi wa historia unasubiri.

29 Aprili

Tumerudi. Kalavati lililoziba ni la kipenyo cha milimita 600, la zamani sana, si letu. Nimepiga picha kwa ajili ya rejista hata hivyo, kama ushahidi wa kwa nini sisi tuliacha kuweka saizi hiyo. Ndani ya 600 mtu haingii. Matawi, maganda ya miti na matope vikishikana katikati, hakuna chepe linalofika, na maji yanapanda juu ya barabara. Kwenye 900 kijana mwembamba anaingia na chepe fupi akalisafisha ndani ya asubuhi moja. Tofauti ya saruji si kubwa. Tofauti ya maisha ya barabara ni kubwa mno.

27 Mei

Kiangazi kimefika na tumeanza kuzunguka. Niko na fundi mkuu wetu wa zege aliyestaafu. Amekubali kuja kutuonyesha. Kila mahali gari linasimama kwanza kwa salamu. “Kamwene!” Na wazee wa vijijini wanamjua kwa jina la utani la enzi zile, wanamuuliza habari za wenzake, nani yuko hai.

Leo tumelipata kalavati la ukurasa ule wa daftari. Nyumba ya juu bado ipo. Migomba ipo. Fundi alishuka mtaroni akafyeka magugu kwa panga na ukuta wa mdomo ukaonekana: mawe yamejengwa kwa mpangilio, mfuniko wa zege juu, na kwenye mfuniko tarehe iliyoandikwa kwa msumari zege likiwa bichi. Ringi za 900, hakuna ufa. Sakafu ya mawe kwenye mdomo wa kutokea maji imekaa, haijachimbwa. Ndani kuna mchanga wa kina cha vidole viwili tu, kwa sababu waliliinamisha vya kutosha maji yajisafishie njia yenyewe. Nimepima: mteremko uko kati ya asilimia 3 na 4.

Mita kama arobaini nyuma, pale pegi ilipokuwa kwanza kabla ya kuhamishwa, mtaro ni mkavu, umeota majani ya kiangazi cha juzi na cha jana. Maji hayajawahi kupita hapo.

Nilimuuliza fundi: aliyeandika daftari ni nani? Akasema ni yeye. Nilimuuliza kama mhandisi mshauri alikubali mabadiliko yale. Akacheka: “Alikuja mvua ikinyesha. Nikamwambia, bwana mkubwa, simama hapa na miguu yako, uone. Akasaini pale pale.” Mama wa nyumba ya juu amefariki. Bintiye alitukaribisha viazi na chai, na nimemsomea sentensi ile ya daftari. Akaomba nimpigie picha ule ukurasa. Nimemtumia.

12 Juni

Baridi ya Makete imetukamata. Asubuhi kuna jalidi kwenye nyasi na betri ya kipimo cha setilaiti inagoma. Tunaanza saa nne.

Kazi imekwenda vizuri. Tunaandika kila jengo dogo la barabara: mahali lilipo kwa kipimo, aina, saizi, mwaka kama unajulikana, hali yake leo, na safu moja ya mwisho niliyoiongeza mwenyewe yenye kichwa “Kwa nini hapa”. Safu hiyo ndiyo inayochelewesha. Fundi anaweza kukaa robo saa akitazama mlima kabla hajakumbuka. Nimekataa kuiondoa.

Tumeongea pia na akina mama waliokuwa kwenye magenge ya kazi za barabara. Mmoja alikuwa kiongozi wa kikundi cha matengenezo ya kawaida, kilichopewa kipande cha barabara kukitunza mwaka mzima: kufyeka kando, kuzibua mitaro, kusafisha makalavati, kufukia mashimo madogo kabla hayajawa makubwa. Alianza na jembe lake. Baadaye kampuni ilimpeleka Mbeya kwa mafunzo, akarudi anajua kupima mgongo wa barabara kwa ubao na pimamaji. Alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba barabara ya changarawe lazima iwe na mgongo wa asilimia 5 au 6 kutoka katikati kwenda pembeni, na kwamba ukiona maji yamesimama katikati ya barabara ujue aliyeichonga alikuwa na haraka. Watoto wake wawili wamesoma kwa kazi hiyo. Mmoja yuko chuo, anasomea ujenzi.

26 Juni

Nimerudi ofisini kuandika habari za mwaka mbaya. Wakurugenzi wawili walitaka niupitishe kwa mstari mmoja. Mzee akasema andika.

Kampuni ilikuwa imepanda daraja na ikapata sehemu ya kazi ya lami, kubwa kuliko kazi zote zilizotangulia. Greda letu lilikuwa moja. Mitambo mingine yote, shindilia, maboza ya maji, gari la kumwagia lami, ilikodiwa. Mtambo wa kukodi unahesabiwa siku hata ukilala, na mwaka ule mvua ilichelewa kukatika. Hati ya malipo ya kwanza ikakaa kwa mteja miezi. Ya pili ikapishana na marejesho ya malipo ya awali, yaani mteja kukata pesa alizotutangulizia, kwa hiyo ilipotoka ilikuwa imekatwa karibu yote. Benki ilitaka riba yake kila mwezi bila kujali mteja amelipa au hajalipa. Simtaji mteja, na kazi yenyewe siitaji. Ilikamilika, na barabara ipo inapitika. Lakini greda liliuzwa ili vibarua na wauza dizeli walipwe, na mafundi wazuri wanne waliondoka kwenda Dodoma.

Kilichoirudisha kampuni kilikuwa mkataba mdogo wa sehemu korofi, wilayani kwetu hukuhuku, kwenye barabara waliyokuwa wakiijua kila kona. Waliifanya kwa mikono kama zamani na tipa mbili. Ilileta faida kidogo, ikafuata nyingine, na baada ya misimu kadhaa greda likanunuliwa tena, la mkono wa pili kutoka Dar. Mama wa uhasibu anasema ile risiti ya greda la pili ndiyo karatasi aipendayo kuliko zote ofisini. Tumeiweka kwenye rejista.

Naliandika hili kwa sababu ya kinachokuja. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 na kanuni zake zimepanua kazi zilizotengwa kwa wazawa: kikomo kilichokuwa shilingi bilioni 10 sasa ni bilioni 50. Ni jambo jema na tulilililia muda mrefu. Lakini kazi ya bilioni 50 inahitaji kampuni inayoweza kukaa miezi sita bila kulipwa na bado ikawasha mitambo asubuhi. Kampuni za mikoani za namna hiyo ni chache. Njia iliyo wazi kwetu ni ubia, kampuni tatu nne za Nyanda za Juu kuunganisha mitambo na wahandisi, kila moja ikishika kipande inachokiweza. Nimeliandika kama pendekezo, wakurugenzi watalijadili.

14 Julai

Siku mbili za kuangalia kazi za wengine, kwa kulinganisha. Kwanza Lusitu hadi Mawengi, Ludewa, zile kilomita 50 za zege. Ni barabara ya aina yake, na ukiipanda unaelewa kwa nini walichagua zege: miteremko mikali, mvua nyingi, udongo unaoteleza, malori mazito. Fundi wetu mstaafu alishuka akaupapasa uso wa barabara kwa kiganja, akakagua maungio moja baada ya jingine, na aliporudi kwenye gari akaanza kuuliza kuhusu upana wa mitaro.

Kisha daraja la mawe la TARURA. Teknolojia hii ilianzia Kigoma kwa ushirikiano na Wabelgiji na sasa imesambaa nchini. Upinde wa mawe hauhitaji nondo: uzito unashuka kwa kugandamiza jiwe juu ya jiwe mpaka kwenye misingi, na jiwe linapenda kugandamizwa. Pale penye mawe mazuri karibu, gharama inashuka sana na ajira inabaki kijijini. Tatizo ni mafundi. Upinde unahitaji kalibu ya mbao iliyo sahihi na mwashi anayejua kuchagua jiwe. Tunao watu wawili tu wenye mkono huo, na wote wamepita miaka hamsini na tano. Kwa ombi letu la kupanda daraja jambo hili halina alama. Kwa miaka kumi ijayo lina uzito kuliko greda la tatu.

4 Agosti

Kikao cha wakurugenzi. Nimewasilisha rejista. Kulikuwa na ubishi, na ulikuwa mzuri. Mkurugenzi wa fedha aliona safu ya “Kwa nini hapa” haina thamani kwa CRB na itawachanganya wakaguzi. Mkurugenzi wa ufundi alisema hiyo ndiyo mali pekee tuliyonayo ambayo mshindani wa kutoka mbali hawezi kuikodi. Mimi niko upande wake, na nilisema hivyo. Tumeishia hapa: rejista ya CRB itakwenda na safu zake za kawaida, na rejista kamili itakaa ofisini na kwenye simu za wasimamizi wote wa saiti, iongezwe kila kazi inapoisha.

Maamuzi mengine: vijana wanne wataingia kujifunza uashi wa mawe chini ya mafundi wetu wawili, kwa posho ya kampuni, kuanzia kazi ya kwanza ya kiangazi hiki. Ubia umekubaliwa kwa kanuni. Barua zitaandikwa kwa kampuni mbili, moja Iringa na moja Mbeya. Daftari la saiti la karatasi linarudishwa kuwa lazima, hata kwa wanaotumia simu. Fundi mstaafu ataajiriwa kwa mkataba wa muda, siku chache kwa mwezi, kazi yake kutembea na wahandisi wapya kabla pegi hazijapigwa.

20 Agosti

Ombi limepelekwa CRB pamoja na viambatisho. Mapengo yaliyobaki ni hati tano za miaka ya mwanzo. Mbili zimeahidiwa na Iringa, tatu tutathibitisha kwa barua za halmashauri.

Upande wa rejista kamili, barabara za Wanging'ombe bado hatujazimaliza na za Ludewa kando ya Ziwa Nyasa hatujazigusa. Nataka tuzimalize kabla ya Novemba. Wiki ijayo naenda Wanging'ombe na fundi na wale vijana wanne; kuna mkataba wa makalavati matatu yanayoanza Septemba, na kijiji kimetuita tukayaone mabonde pamoja nao kabla hatujaweka alama.